Kicheko cha Safu ya Nyuma

Kicheko kilipasuka kutoka safu ya nyuma, kifupi, cha puani, kisha ikafuata sauti ya mwanamume: "Gari limezima, jamani! Lisukumeni, litawaka!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Jukwaani, msichana aliyekuwa akieleza utafiti wake juu ya mwani kwenye mabwawa ya maji ya kunywa alikuwa amekwama kwenye neno moja. Midomo ilifumbana kwenye herufi ya kwanza, shingo imekaza, mkono umeng'ang'ania kipaza sauti. Aliposikia watu wanacheka, alikiweka kipaza sauti mezani polepole, akashuka jukwaani bila kumaliza. Mwenyekiti wa kikao akatazama saa yake, akamwita anayefuata.

Mkemia alikuwa amesimama kando ya mlango, utepe wa bluu kifuani. Utepe ule ulimaanisha kwamba yeye ni mmoja wa watu wa kamati ya mwenendo. Mtu yeyote akidhihakiwa, akisumbuliwa, akishikwashikwa au akinyamazishwa katika mkutano huu wa wanasayansi wa maji, amfuate mwenye utepe. Asubuhi ile ile yeye ndiye aliyesoma kanuni hizo mbele ya wote, na watu wakapiga makofi ya adabu na kurudi kwenye simu zao.

Ilimpasa atoke mara moja amfuate yule msichana. Miguu ikakataa.

Maneno yale aliyajua. Kicheko kile alikijua. Kwa miaka alikuwa amekitegea sikio madukani, misibani, kwenye foleni za benki, popote wanaume wanapokusanyika na kutaniana, na kila mara akajiambia, siyo hiki. Leo kimemjia chenyewe, ndani ya ukumbi wenye viyoyozi na viti vya kitambaa chekundu.

Siku ile ya kwanza alipokisikia, yeye alikuwa bado mwanafunzi, amekaa mbele na gauni la kuazima, amekuja kumwona kaka yake akisimama mbele ya maprofesa. Nyumbani kaka huyo aliitwa Redio kwa sababu hakujua kunyamaza. Alikuwa na kigugumizi, lakini kigugumizi hakikumnyima raha ya kuongea. Akikwama kwenye neno hili analizunguka kwa lile, mpaka Mama anamwambia, "Redio, hebu jizime kidogo tule." Mbele ya maprofesa, Redio alikwama na hakupata pa kuzungukia. Hapo ndipo ilipotoka sauti nyuma. Gari limezima, jamani. Lisukumeni, litawaka. Na kile kicheko cha puani.

Kaka alikusanya karatasi zake, na hakusimama tena mbele ya watu. Aliacha utafiti, akaomba kazi kituo cha kusukuma maji mbali na mji, mahali ambapo hakuna wa kusema naye ila pampu. Huko ndiko homa ilikomkuta. Simu ilikuwepo ukutani, hatua chache tu kutoka kitandani. Hakuipiga. Walioleta habari walisema pengine homa ilimzidi ghafla, na huenda ndivyo. Lakini Mkemia alijua jinsi kaka yake alivyoiogopa simu, jinsi watu walivyosema "haloo, haloo" wakasikia kimya, wakakata. Tangu mazishi yale, simu ikimlia na asisikie mtu, yeye hakati. Husubiri. Wakati mwingine husubiri mpaka mkono unachoka.

Akageuza shingo kutazama safu ya nyuma.

Walikuwa wanaume watatu waliochelewa kufika, viatu vyao vina vumbi la safari. Wawili walikuwa wameinama wakicheka chinichini. Wa katikati alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa kidole. Alipoinua uso na kumwona Mkemia, macho yake yakalainika kama yanavyolainika siku zote akimwona, akamkonyeza.

Alikuwa Mhandisi. Alikuwa wake.

* * *

Huyu ndiye aliyemvisha pete. Huyu ndiye ambaye wazee wake walitarajiwa nyumbani mwisho wa mwezi kupanga siku ya harusi. Walijuana kwenye kisima, yeye Mhandisi akichimba, Mkemia akipima maji kama yanafaa kunywewa. Kisima cha kwanza Mkemia alikikataa, madini yamezidi. Cha pili akakikataa. Cha tatu Mhandisi akamletea maji mwenyewe kwenye chupa, amekaa kitako mlangoni pa maabara, akasema, "Dada, hiki nacho ukikikataa nitaanza kuchimba nyumbani kwenu."

Na alicheka. Lakini kicheko chake cha siku hiyo, na cha siku zote walizokaa wawili, kilikuwa kingine kabisa. Kilitoka kifuani, taratibu, kama mtu anayevuta kiti akae. Mkemia alikipenda kabla hajampenda mwenyewe. Hakuwahi kumsikia akicheka katikati ya wenzake wa chuo. Hakujua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na vicheko viwili.

Akatoka nje.

Alimkuta msichana wa mwani kwenye ngazi za nyuma, chini ya mpira wa zimamoto, anakunja bango lake la utafiti. Hakuwa analia. Alikuwa anakunja kwa uangalifu, anapanga kingo zilingane.

"Naomba nikae," Mkemia akasema.

"Ka-karibu, dada."

"Niliona yaliyotokea. Kanuni zinasema wewe ndiye utakayeamua tufanye nini. Lakini kabla hujaniambia neno, kuna jambo unapaswa kulijua. Yule aliyesema vile ni mchumba wangu. Kwa hiyo siwezi kulisimamia suala lako. Nitakupeleka kwa Profesa, mwenyekiti wa kamati. Ni mtu wa haki. Nimeona nikwambie mwenyewe."

Msichana aliacha kukunja. Akamtazama kwa muda, macho makubwa, makavu.

"P-pole, dada," akasema.

Mkemia hakuwa amejiandaa kupewa pole. Alitazama pembeni, akaona bega la mtu aliyevaa shati jeupe likipotea kwenye kona ya ujia, bega jembamba lililoinama upande mmoja. Akajua hakuna mtu. Leo tangu kile kicheko Redio alikuwa kila mahali.

"Unataka nini kifanyike?" akauliza, sauti ndogo.

"Si-sitaki afukuzwe. Wala sitaki a-aniombe radhi jukwaani. Wa-watampigia makofi yeye." Msichana akatabasamu kidogo, tabasamu la upande mmoja. "Nataka ku-kumaliza. Nilikuwa sijafika pa-pazuri."

* * *

Profesa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Alisikiliza yote bila kuivaa. Akamwita msichana ndani, akafunga mlango, akakaa naye kwa muda wa kutosha. Alipotoka alimgusa Mkemia begani.

"Umefanya vizuri kujiondoa. Sasa kaa mbali na jambo hili. Usimwambie bwana wako nini cha kusema, wala usimwambie nini cha kutosema. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Profesa."

"Na wewe mwenyewe una nini? Umepauka kama mtu aliyekutana na maiti njiani."

"Sina kitu."

"Haya," Profesa akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Mchana Mhandisi alimtafuta Mkemia mpaka akampata nyuma ya jengo, penye matangi ya maji, mahali pasipopita watu. Alikuja kwa hatua kubwa, beji inampiga kifuani.

"Umesikia? Nimeitwa kama mtoto wa shule! Eti nisiongoze kikao cha mchana. Eti nitafute njia ya kumwomba radhi yule binti, lakini akitaka yeye, na pale atakapotaka yeye. Mimi! Kwa utani!" Akasimama. "Mbona umekauka hivyo? Ni wewe uliyenishtaki?"

"Nimejiondoa."

"Kwenye kesi, au kwangu?"

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bomba la tangi, tone baada ya tone.

"Mpenzi," Mhandisi akashusha sauti, "nakiri, nilikosea. Sikujua binti ana kigugumizi, nilidhani ameshikwa na woga tu. Nimetoka safari, nimekutana na wenzangu, mdomo ukateleza. Nitamwomba radhi, sina kiburi hicho. Lakini wewe unanitazama kama mtu usiyemjua."

"Utani ule wa gari ulianza lini?"

"Aa!" Akatabasamu kidogo, akidhani mlango umefunguka. "Huo wa zamani. Tangu chuo. Sisi watu wa nyuma, mtu akikwama tu, mimi ndiye ninayesema, wenzangu wanamalizia kwa kicheko. Ulikuwa wangu huo."

"Wako peke yako?"

"Wangu. Wengine wakijaribu haukuwa unachekesha."

Mkemia alishika ukingo wa tangi. Saruji ilikuwa ya moto, hakuhisi.

"Mkutano wa mito. Ule uliofanyika chuo cha kilimo, wewe ukiwa mwanafunzi. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Tulipelekwa kupanga viti, tukalipwa chakula. Kwa nini?"

"Asubuhi ya pili. Kijana mwembamba, shati jeupe la mikono mirefu. Alikuwa anazungumza juu ya matope yanayoletwa na mito wakati wa mvua. Akakwama."

Mhandisi alikunja uso. Alijaribu kukumbuka, alijaribu kwa dhati, macho yake yakawa yanakwenda huku na huku kama mtu anayepekua kabati. Mkemia alimwombea kimoyomoyo. Sema ulikuwa mgonjwa. Sema ulikuwa jikoni unaosha vyombo. Hata kama ni uongo, sema.

"Sikumbuki," akasema.

"Alikuwa kaka yangu."

"Yule... yule wa kwenye picha?"

"Yule wa kwenye picha."

Kila alipokwenda kwa kina Mkemia, Mhandisi alikaa kwenye kiti kilichokuwa chini ya picha ile. Aliwahi hata kuisalimia kwa mzaha, "Shemeji, shikamoo, nimekuja kukuibia dada," na Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huwezi kuwa na hakika," akasema sasa, polepole. "Watu wengi wangeweza kusema vile."

"Umesema ulikuwa wako peke yako."

"Nimesema, ndiyo, lakini..." Akajipangusa uso. "Uliniambia alikufa kwa homa."

"Alikufa kwa homa."

"Sasa unasema mimi nimemuua?"

"Sijasema hivyo."

"Lakini unanitazama hivyo!"

"Sijui ninakutazama vipi!" Sauti ya Mkemia ikakatika. "Nisaidie basi. Nimekutafuta miaka yote hii. Niliapa nikikupata nitakutemea mate usoni. Kila kitu nilikipanga, maneno ya kukwambia niliyakariri. Sikupanga kwamba nitakuwa nimekupenda."

Mhandisi alinyoosha mkono amguse. Mkemia alirudi nyuma hatua moja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane amwepe, na wote wawili waliisikia ile hatua kama kofi.

"Ningekumbuka ningekwambia," Mhandisi akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Wallahi ningekwambia."

"Najua. Hilo ndilo linaloniua. Sisi hatujalala vizuri tangu siku ile, na wewe wala hukumbuki."

* * *

Jioni simu ilianza kulia kabla hajafika nyumbani. Alikuwa dada mkubwa wa Mhandisi, yule aliyekwisha kuanza kumwita wifi.

"Wifi, nimesikia mambo. Ndugu yetu amerudi amefungwa mdomo, hali, hasemi. Rafiki yake ndiye aliyenieleza. Umeacha aaibishwe mbele ya watu, na wewe umesimama na utepe wako kifuani?"

"Sikumshtaki mimi, dada."

"Hukumtetea pia. Mke humsitiri mumewe, mwanangu. Hata kama amekosa mnamalizana ndani. Sasa wazee hapa wanauliza, huyu tunayemtaka ataleta kamati mpaka chumbani?"

Mkemia alimsikiliza mpaka mwisho, akamuaga kwa heshima. Alipoingia ndani alikuta habari zimemtangulia. Mama alikuwa kwenye cherehani yake chumba cha mbele, mita kadhaa za kitambaa cha harusi zimemfunika magoti. Hakuinua kichwa.

"Wamenipigia," Mama akasema. "Umegombana na mkwe wangu kwa sababu ya mtoto wa watu aliyechekwa. Mwanangu, umri unakwenda. Mwanamume mpole, ana kazi, anakupenda mpaka vipofu wanaona. Utamwacha kwa neno alilomwambia mtu usiyemjua hata kwao?"

"Mama, simamisha cherehani."

"Namalizia upindo."

"Mama. Tafadhali."

Cherehani ikanyamaza. Mkemia alikaa sakafuni, karibu na miguu ya mama yake, kama alivyokuwa akikaa zamani na kaka yake kuokota vifungo vilivyoanguka. Akamweleza. Ukumbi ule wa kwanza, shati jeupe, neno lililokataa kutoka, sauti ya nyuma, kicheko, jinsi maprofesa nao walivyocheka. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia. Kaka alimwapisha njiani wakati wa kurudi, naye akatunza kiapo hata baada ya mwenye kiapo kuzikwa.

Kidole cha Mama kilikuwa bado kimebonyeza kitambaa chini ya sindano.

"Aliniambia ana mafua," akasema hatimaye. "Alirudi macho mekundu. Nikamuuliza, baba una nini, akasema mafua. Nikamchemshia maji ya kujifukiza. Nikamfunika blanketi." Sauti ilianza kumtoka Mama kwa vipande. "Akakaa ndani ya blanketi lile, na mimi nimekaa nje namwambia vuta mvuke, vuta, utapona. Mafua!"

Alilia bila sauti. Mkemia alimshika magoti. Taa ya cherehani ilikuwa inawaka bado, na kivuli cha kitambaa kilikuwa kimesimama ukutani, kirefu, chembamba, bega moja limeinama, hata wote wawili wakakitazama kwa wakati mmoja na hakuna aliyethubutu kusema amemwona nani.

Kisha Mama alijifuta uso kwa kanga.

"Mwite."

"Nani, Mama?"

"Huyo kijana. Kesho mkimaliza mambo yenu, aje hapa."

* * *

Siku ya pili msichana wa mwani alipewa nafasi upya. Habari zilikuwa zimeenea, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama. Mhandisi hakukaa na wenzake. Alisimama peke yake ukutani, karibu na mlango, kama mtu ambaye hana hakika kama anaruhusiwa kuwepo.

Msichana alikwama mapema, kwenye sentensi ya pili. Ukumbi ukanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu, na ndani ya kimya kile Mkemia alihisi vinyweleo vinamsimama. Alijua ukumbi mzima unasubiri neno, ila yeye alikuwa anasubiri sauti ya nyuma. Aliisikia kabla haijatoka. Akamtazama Mhandisi, na akaona kwamba naye anaisubiri. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji, ameuma mdomo, anamtazama yule msichana kama mtu anayetazama mtoto akivuka barabara.

Sauti haikutoka. Neno likatoka. Msichana akaendelea, akakwama tena, akapita, akafika pale pazuri pake. Bwawa ambalo wataalamu walikwisha kulikatia tamaa lilikuwa limeanza kujisafisha lenyewe, na yeye alikuwa amejua kwa nini. Mzee mmoja wa mbele alisimama kumbishia kwa ukali, takwimu kwa takwimu. Msichana naye akambishia. Hakuna aliyemwonea huruma, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Baadaye Profesa alimwita Mhandisi pembeni, msichana alikuwa amekubali kumwona.

"Nisamehe," Mhandisi akamwambia. "Sina la kujitetea."

Msichana alimpima kwa macho. "Ni-nimesikia," akasema. Kisha, akiondoka na bango lake kwapani, akageuka. "Kaka, ga-gari limewaka."

Yeye alicheka. Mhandisi hakuweza.

* * *

Mhandisi alipofika kwa kina Mkemia alivua viatu mlangoni, akaamkia. Mama aliitikia. Kile kiti chake cha siku zote hakukikalia. Alivuta kigoda, akakaa chini, mbali na ukuta.

Mama aliinuka, akaiteremsha picha, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akamwekea mapajani.

"Mshike."

Mhandisi aliishika.

"Humkumbuki?"

"Simkumbuki, mama. Nimekaa usiku kucha najaribu. Nakumbuka viti tulivyopanga. Nakumbuka tulikula nini. Yeye simwoni. Ningeweza kukudanganya kwamba namkumbuka na najuta. Najuta, lakini simkumbuki."

"Usinidanganye. Wameshanidanganya, eti mafua." Mama alikaa. "Basi mimi nitakukumbusha. Siyo siku ile, siku ile siijui. Nitakueleza siku nyingine."

Akamweleza. Jinsi Redio alivyochelewa kusema, na aliposema neno la kwanza lilikuwa ni jina la kuku. Jinsi alivyokuwa akiimba bila kukwama hata mara moja, hivyo akitaka kuomba kitu dukani anaimba, na muuza duka anamjibu kwa kuimba. Jinsi alivyokuja na mikono imejaa matope ya mto akasema, Mama, haya ni mashamba ya watu yanakimbilia baharini, mimi nitayarudisha. Mkemia aliyajua yote hayo, lakini tangu msiba hajamsikia mama yake akiyasema. Mhandisi alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakusema samahani tena. Aliuliza maswali. Wimbo gani? Mto gani? Na Mama akajibu, na sauti yake ikawa inapanda na kushuka kama ya mtu anayepita vyumba vya nyumba aliyokuwa ameifunga.

Jua lilipokuwa linateremka, Mama alinyamaza.

"Nilitaka nikuchukie," akasema. "Tangu jana nafanya mazoezi. Sasa umekaa hapo mapaja yanatetemeka, picha ya mwanangu inacheza. Shika vizuri, usije ukamwangusha."

Mhandisi aliikumbatia picha kifuani, akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama mwanamume asiyezoea. Mama alitazama dirishani mpaka alipomaliza.

"Habari za harusi msiniulize mimi," Mama akasema akiinuka. "Kitambaa nimekikunja, nimekiweka. Hakijachanwa, hakijashonwa. Waambie kwenu mwisho wa mwezi wasije. Mengine ni yenu wawili."

Mkemia alimsindikiza. Walitembea kando ya barabara ya changarawe, nafasi ya mtu mmoja kati yao, na wote wawili waliichunga nafasi ile, hakuna aliyeingia.

"Nikicheka utakuwa unamsikia yeye," Mhandisi akasema.

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Sijui. Labda."

"Nikikwambia nitangoja?"

"Usiniambie kitu. Leo usiniambie kitu."

Mkemia alimtazama kwa pembe ya jicho, yale mabega mapana yaliyokuwa yameshuka, mikono isiyojua iwekwe wapi, na akahisi anampenda vile vile kama jana asubuhi, wala penzi halikupungua hata kidogo, na ndiyo maana kifua kilimuuma hivyo. Angempenda kidogo ingekuwa rahisi. Upepo ulipita, ukapeperusha vumbi, na kati yao, katika ile nafasi, kulikuwa kama kuna mtu wa tatu anayetembea nao pole pole.

Walifika njia panda. Hapo ndipo mwenyeji humuaga mgeni na kurudi kwake. Mhandisi alisimama, akageuka, akangoja kuagwa. Macho yake hayakuomba kitu.

Mkemia alitazama nyuma, barabara ya kurudi kwao. Akatazama mbele.

"Twende," akasema. "Nitakufikisha pale mbele."

Wakaendelea kutembea.